Eksteno Mezani Haitoshi

Kompyuta ya nyumbani imebeba mambo mengi kuliko tunavyokiri. Humo mama mwenye duka anaweka hesabu za wadaiwa wake. Mtoto anaandikia tasnifu humo. Baba mdogo, katibu wa kikoba, ana mihtasari ya vikao vya miaka yote. Humohumo zimo picha za harusi ya dada, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa, na sauti ya bibi akiusimulia ukoo kabla hajafariki. Vyote vimelala kwenye diski moja isiyozidi kiganja cha mkono, na diski hiyo ikifa, vinaondoka pamoja.

Naandika haya kwa sababu naamini familia nyingi zinazodhani zina nakala rudufu hazina. Zina eksteno, yaani diski ya nje, iliyochomekwa mara moja mwaka juzi, ikajazwa mafaili, ikafungiwa kabatini. Au ni kinyume chake: imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana na haijawahi kuondoka mezani. Wengine wana flashi kwenye mkufu wa funguo. Wengine husema, "Picha zangu ziko Google." Au wanasema wamezituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, wasijue kwamba WhatsApp huibana picha inapoituma kwa njia ya kawaida, na kilichobaki kwenye simu ya shangazi ni kivuli cha picha ile ya kwanza. Kila mmoja wa watu hawa amefanya jambo fulani, na jambo hilo ndilo linalomlaza usingizi.

Tuanze na diski yenyewe. Kompyuta nyingi majumbani mwetu zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, zimetoka ofisi za Ulaya au zimepitia Dubai. Kava hung'arishwa, kibodi hubadilishwa, lakini diski ya ndani mara nyingi ni ileile iliyofanya kazi huko ilikotoka. Diski ya sahani zinazozunguka ina kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na huchakaa kama kitu chochote chenye kuzunguka. Bahati nzuri hujiwekea hesabu ya saa ilizofanya kazi, na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha hesabu hiyo. Mwaka una saa 8,760. Ukikuta saa 30,000, ujue diski hiyo imekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 3 bila kupumzika, na wewe ndiye unayeikabidhi tasnifu ya mwanao.

SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, hivyo haisumbuliwi na mtikisiko wa bodaboda. Ila nayo hufa, na aghalabu hufa bila kutoa ishara. Diski ya zamani huanza kugongagonga na mwenye nyumba akapata siku mbili tatu za kunusuru vitu vyake, wakati SSD yaweza kufanya kazi leo na kesho isionekane kabisa. Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi dukani. SSD ikifutwa faili, mfumo wa kompyuta huiarifu kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe. Ndiyo maana ile kauli ya "fundi atazirudisha" inazidi kupoteza ukweli wake. Fundi aliyeweza kurudisha picha zilizofutwa kwenye diski ya mwaka 2010 huenda asipate hata moja kwenye SSD ya leo, na si kwamba ujuzi wake umepungua.

Nikimtaja fundi, ni haki niseme pia kwamba data nyingi hupotelea mezani pake, na lawama si yake peke yake. Kompyuta imekuwa nzito, inapelekwa "kupigwa Windows", na mwenye nayo anasema "nimeshatoa vitu vyangu kwenye Documents". Hajui kwamba faili la hesabu la QuickBooks au Tally kwa kawaida halikai kwenye Documents yake, bali kwenye folda nyingine ambayo hajawahi kuifungua. Jioni anarudishiwa kompyuta nyepesi, safi, isiyo na rekodi ya deni hata moja. Fundi mwadilifu huuliza mara mbili kabla ya kufomati. Ningependa kuona hilo likiwa desturi ya kila meza ya ufundi, na mteja atie saini kabla kazi haijaanza.

Kisha kuna umeme. Zanzibar ilikaa miezi 3 gizani, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kenya karibu yote ilizimika tarehe 25 Agosti 2023. Hizo ni siku zilizoingia kwenye historia, lakini kompyuta ya mezani haihitaji historia ili iharibike: inatosha umeme ukatike wakati diski inaandika, au urudi kwa nguvu iliyozidi. Na kama eksteno ilikuwa imechomekwa dakika ileile, ya asili na nakala yake zinaonja pigo moja.

Wizi, moto na mafuriko vinafanana katika hilo. Mwizi anayebeba laptopu hubeba na begi lake, na eksteno imo begini. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moto haukuchagua droo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoingia kwenye nyumba za Mathare na za Rufiji, maji hayakuuliza kabati lipi lina nakala. Chochote kilichoko chumba kimoja na kompyuta kiko kwenye hatari moja nayo, hata kingekuwa cha bei gani.

Virusi vya kudai kikomboleo ni ndugu wa moto huo. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilienea duniani kwa siku moja, ikafunga mafaili kwenye kompyuta za hospitali za Uingereza na za watu wa kawaida, kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wamekwisha toa kiraka chake tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa hawajasasisha waliumia. Windows 10, ambayo bado ndiyo Windows ya nyumba nyingi, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Virusi vya aina hii vikiingia huifikia kila diski iliyochomekwa, na eksteno isiyoondoka mezani haiwezi kusalimika.

Sasa kuhusu hilo neno "mtandaoni". Google Drive, OneDrive na iCloud zimefanywa kwanza kwa ajili ya kusawazisha: kilichopo kwenye kompyuta ndicho kiwepo na kule. Ukifuta huku, kunafutika na kule. Faili likiharibika huku, linapanda likiwa limeharibika. Google Drive huweka kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, halafu basi. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, ikigawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha nazo zinahesabiwa. Akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 yaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Sisemi watu waache huduma hizi; mimi nazishauri. Nasema zisichukuliwe kuwa ndizo nakala pekee.

Na kitu kilicho mtandaoni kiko ndani ya jengo fulani, katika mji fulani, na jengo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wateja wasiokuwa na nakala kwingine walipoteza kazi zao moja kwa moja. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulianzia kwenye betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma, iitwayo G-Drive, yenye terabaiti 858, iliangamia, na haikuwa na nakala mahali pengine. Hii ni nchi inayowauzia walimwengu diski na simu. Haikukosa vifaa wala wataalamu. Ilikosa nakala ya pili mahali pa pili.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu utunzaji wa picha za kidijiti, aliueneza utaratibu ambao wataalamu wanaufuata mpaka leo: kila kitu kiwe na nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Watu wa pwani hawana sababu ya kuuona utaratibu huu kuwa mgeni. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa kwanza vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua, wa Mombasa hiyohiyo, akazikusanya na kuziandika akishirikiana na mmisionari William Taylor. Karatasi zikavuka bahari zikahifadhiwa London. Na mwaka 1940 William Hichens akazichapa kitabu Johannesburg. Kifua, karatasi na chapa. Mombasa, London na Johannesburg. Kama tungo hizo zingebaki kwenye chombo kimoja na mji mmoja, leo tusingekuwa na Muyaka wa kumsoma.

Kwa nyumba ya kawaida, mimi nasema hivi: nunua eksteno 2, si 1. Eksteno ya terabaiti 1 ni rahisi kuliko simu janja ya kawaida, na simu tunabadilisha kila baada ya miaka michache. Nunua kwenye duka linalokupa risiti, maana sokoni zimejaa flashi na diski za bandia zinazojitangaza kuwa za terabaiti 2 ilhali uwezo wake ni gigabaiti chache. Hizo haziachi kupokea zinapojaa. Huendelea kumeza mafaili na kuonyesha majina yake, huku zikiandika juu ya yaliyotangulia, na mwenye nazo hajui mpaka siku ya kuyafungua. Programu ya bure H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, itakuambia ukweli kabla hujaiamini diski mpya kwa chochote.

Flashi iwe ya kubebea, isiwe ya kuhifadhia. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wakisema juu ya nafaka na fedha, si juu ya data. Data iliyoandikwa kwenye chipu hushikiliwa na chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole, hasa kwenye joto na kwenye chipu iliyochakaa. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za matumizi ya kawaida kinadai ishike data kwa mwaka 1 bila umeme, katika nyuzi joto 30, baada ya kufikia kikomo cha kazi yake. Nyuzi 30 ni mchana wa kawaida wa Dar es Salaam na wa Mombasa.

Eksteno ya kwanza ikae nyumbani na ifanye kazi bila kukutegemea wewe kukumbuka. Hapa ndipo mipango ya wengi huvunjika. Mtu huazimia kunakili kila Ijumaa, akafanya Ijumaa tatu, ya nne akawa msibani, na tangu hapo hakurudi tena. Uhodari hauna nafasi hapa; mashine ndiyo inayofaa kukumbuka. Kompyuta ya Mac ina Time Machine tangu mwaka 2007: ukiichomekea diski hunakili kila saa, ikatunza nakala za kila saa kwa siku 1 iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa muda uliotangulia hapo. Windows ina File History, ambayo kwa kawaida hunakili kila saa folda ulizoichagulia. Linux ina programu ya vitufe vichache iitwayo Déjà Dup. Zote hizi hutunza na matoleo ya zamani, na hilo ni jambo kubwa: ukigundua leo kwamba sura ya tatu ya tasnifu iliharibika wiki mbili zilizopita, unarudi kwenye ile ya wiki tatu zilizopita. Mtu anayenakili kwa mkono juu ya nakala ya jana hana pa kurudi.

Eksteno ya pili ikae kwa ndugu. Naona hapa ndipo tulipo matajiri kuliko wanaotuandikia vitabu vya kompyuta. Huko kwao mtu huambiwa akodi kisanduku benki au alipie huduma kila mwezi. Sisi tuna shangazi Morogoro, kaka Mbagala, dada Nakuru, na kila mwezi kuna anayekwenda na anayerudi. Diski moja ikiwa kwako, nyingine iwe kwa dada. Safari ikitokea, zibadilishane. Naye dada akupe ya kwake umtunzie. Hata zikibadilishana mara moja kwa miezi miwili, nyumba ikiungua leo utapoteza kazi ya miezi miwili, si ya miaka kumi.

Kwa kuwa diski inasafiri, ifungwe kwa nywila. VeraCrypt ni programu ya bure ya kufungia diski na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Windows ya toleo la Home haikupi uwezo wa kuifunga eksteno kwa BitLocker, zana ya Windows yenyewe ya kazi hiyo. Lakini nywila isikae kwenye kichwa cha mtu mmoja tu. Nimeona familia zilizofiwa zikihangaika na kompyuta ambayo hakuna anayeweza kuifungua, ilhali ndani kuna majina ya waliokopeshwa na stakabadhi za kiwanja. Andika nywila kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, iweke pamoja na hati za nyumba, na mke au mume ajue ilipo.

Wingu la mtandaoni lipewe kazi inayolifaa. Mwenye picha na video za gigabaiti 200, akiwa na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, atahitaji karibu saa 89 mfululizo kuzipandisha zote, siku nne kasoro, na bando lake halitafika huko. Nyaya za chini ya bahari zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, Tanzania, Kenya na majirani zetu walikaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Basi video zibaki kwenye eksteno, na mtandaoni zipande zile karatasi ndogo zenye uzito: hesabu, vyeti, tasnifu, hati, nakala za vitambulisho. Hizo zote huenea ndani ya gigabaiti 15 za bure na nafasi ikabaki.

Yote haya, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nakala zinazoshindwa hazipigi kelele. Mwaka 1998, katika studio za Pixar, amri moja iliyoandikwa vibaya ilianza kufuta mafaili ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Walipokimbilia nakala rudufu walikuta zilikuwa zimeacha kufanya kazi ipasavyo na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani: kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala, wakaifuata kwa gari. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, karibu gigabaiti 300. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kunakili. Moja ilikuwa imeshindwa kwa muda, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa sababu nyingine kabisa.

Kampuni hizo zilikuwa na wataalamu wa kulipwa. Nyumbani hakuna mtaalamu, na kwa hiyo kujaribu nakala kunahitajika zaidi, na kwa bahati nzuri ni jambo la nusu saa. Chukua eksteno uichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, si yako. Tafuta faili la jana, ulione lipo. Tafuta la miaka mitano iliyopita, ulifungue mpaka ndani. Jina la faili si ushahidi wa kilichomo. Fungua picha moja, video moja na faili la hesabu. Mara moja kwa mwaka rudisha folda nzima kwenye kompyuta tupu na uone kama mama wa duka anaweza kuendelea na kazi yake siku hiyohiyo. Kama hawezi, umejifunza hilo ukiwa bado na faili la asili mkononi.

Ningeomba vyuo vyetu vilichukue jambo hili kwa uzito. Msimamizi wa tasnifu anayeuliza marejeo ya mwanafunzi aulize pia nakala ya kazi iko wapi, na aoneshwe. Wauzaji wa kompyuta wangefanya jambo jema kama wangemwekea mteja File History kabla hajatoka dukani, kama wanavyomwekea Windows na kicheza muziki. Ni kazi ya dakika kumi na ina thamani kubwa kuliko begi la zawadi.

Nawe msomaji, usingoje kununua chochote. Eksteno unayo, au flashi, au akaunti ya Google. Kabla ya Jumatatu, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, tafuta faili ambalo ungelilia likipotea, na ulifungue. Likifunguka, mpigie ndugu yako mmoja na mkubaliane nani atamtunzia nani diski. Lisipofunguka, anza usiku huohuo, faili la asili likingali hai.